Mbona dawa ya babangu inazuia seli kujisafisha?

SWALI: Assalaam aleikum, daktari. Naandika kutoka Amu, mtaa wa Langoni. Babangu ana miaka 66, ni fundi wa jahazi, kazi yake iko Matondoni. Mgongo umemsumbua muda mrefu na sote tulidhani ni kuinamia mbao. Mwaka huu damu ikapungua sana, akapelekwa Mombasa, wakampima uboho na kutwambia ni mailoma, saratani inayokaa kwenye uboho. Amepangiwa sindano za bortezomibu na vidonge vya deksamethasoni, na baadaye ataongezewa lenalidomaidi. Nimesoma kwamba hiyo sindano inazuia seli kuvunja protini zilizoharibika. Na mimi kila siku naletewa video kwenye simu zinazosema saratani huletwa na uchafu uliojaa kwenye seli, na kwamba mtu akifunga seli hujisafisha na saratani ikafa. Kama uchafu ndio ugonjwa, mbona dawa inazuia usafi? Na baba ana mazoea ya kufunga Jumatatu na Alhamisi. Aendelee au aache?

JIBU: Wa aleikum salaam, mwanangu. Pole kwa kuuguza, Mola ampe mzee shifaa.

Nianze na la mwisho maana haliwezi kungoja. Kwa kipindi hiki cha sindano, funga za sunna aziache. Sababu nitazitaja huko chini, na wala hazihusiani na uchafu wa seli. Lakini swali lako la kwanza ndilo lililonikalisha kitako kuandika. Umeona jambo ambalo wenye video zao hawakuliona: kama wasemayo ni kweli, basi madaktari wa Mombasa wanamzidishia babako ugonjwa. Na hawamzidishii. Kosa liko pale wanapodhani kwamba seli ikivunja protini inapiga deki tu.

Protini ni mnyororo wa asidi amino, yaani vipande vidogo vya kujengea, uliokunjwa kwa namna yake maalumu, na kazi ya protini yote imo katika ule mkunjo. Ziko zinazoharibika kwa joto, ziko zinazoharibiwa na kemikali kali zinazotokea seli inapotumia oksijeni, na ziko zilizokunjwa vibaya tangu zilipotengenezwa. Hizo lazima ziondoke, kwani protini iliyofunguka hunatana na nyingine na kufanya madonge. Mpaka hapo video ziko sawa. Sasa tazama hesabu hii. Mtu mzima huvunja na kujenga upya gramu 250 hadi 300 za protini kwa siku. Chakula chake cha kutwa, samaki na maharagwe na maziwa yote pamoja, humpa kama 70 au 80. Sehemu kubwa ya protini mpya, basi, hutokana na asidi amino za protini zilizovunjwa. Babako ameona mara ngapi jahazi kongwe likibomolewa, mbao zake zikawa milango na viti na fremu za vioo? Seli nayo haitupi ubao. Na nyingi kati ya protini zinazobomolewa hazina kasoro yoyote. Ni nzima, ila muda wake umekwisha, na seli ndiyo inayoamua muda huo.

Seli ina njia kuu mbili za kubomoa. Ya kwanza ni lisosomu, vifuko vyenye asidi na vimeng'enya vikali (protini zinazofanya kazi za kikemia kama kukata na kuunga), ambavyo Mbelgiji Christian de Duve alivitangaza mwaka 1955. Vifuko hivi humeza vitu vikubwa, hata vipande vizima vya seli. Kwa miaka mingi wanasayansi wengi waliridhika kwamba kazi yote inaishia hapo. Lakini lilikuwepo jambo moja lililowakera wachache. Kuvunja protini kikemia hakuhitaji nguvu. Tumboni mwako nyama huvunjika bila seli kulipa chochote. Mbona basi ndani ya seli, kama ilivyoonekana tangu 1953, uvunjaji ukinyimwa nishati husimama?

Jibu lilitoka kwa Avram Hershko na mwanafunzi wake Aaron Ciechanover wa Haifa, wakishirikiana na Irwin Rose wa Philadelphia, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walitumia chembe changa za damu nyekundu za sungura, ambazo hazina lisosomu lakini bado huvunja protini mbovu. Wakakuta kwamba kabla protini haijavunjwa hubandikwa protini nyingine ndogo, ya asidi amino 76 tu, iitwayo yubikwitini. Ile nishati hutumika kubandika alama. Walipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2004.

Hebu tuikaribie kazi hii, maana hapa ndipo dawa ya babako inapoingia. Vimeng'enya vya aina tatu hupokezana yubikwitini: cha kwanza huiamsha, cha pili huibeba, cha tatu huchagua protini ya kuibandika. Binadamu ana aina mbili za kile cha kwanza, kama arubaini za cha pili, na zaidi ya 600 za cha tatu. Wingi huo wa mwisho ndio habari yenyewe, kwani kila kimoja kina protini zake kinazozifuata na wakati wake wa kuzifuata. Alama moja haitoshi. Kwa kawaida hubandikwa msururu wa nne au zaidi. Protini yenye msururu huo hufikishwa kwenye proteasomu, chombo chenye umbo la pipa, kilichojengwa kwa vipande 28 vilivyopangwa katika pete nne za saba saba, na kofia kwenye kila mdomo. Kofia huisoma alama, huing'oa ili itumike tena, huikunjua protini na kuisukuma ndani kupitia tundu jembamba. Sehemu zinazokata ziko ndani ya pipa, hazikati kinachopita nje. Vinavyotoka ni vipande vya asidi amino 3 hadi 25 hivi, na vimeng'enya vingine huvimaliza.

Chukua mfano wa protini iitwayo p53. Seli huitengeneza muda wote na kuivunja muda wote. Katika seli isiyo na tatizo, nusu ya p53 hutoweka kila dakika 20 hivi. Utasema ni israfu. Lakini DNA ikikatika, seli haina haja ya kuanza kutengeneza p53 upya. Huzuia tu ile alama isibandikwe, na p53 ikajaa kwa muda mfupi. Ikishajaa huizuia seli kugawanyika hadi DNA itengenezwe, au ikishindikana huiamuru ijiue. Karibu nusu ya saratani za binadamu zina kasoro kwenye jeni ya p53. Nyingine hazihitaji kuigusa jeni hiyo: huzidisha MDM2, ambacho ndicho kimeng'enya kinachoibandika p53 alama, na p53 nzima kabisa ikavunjwa kila inapotokea.

Virusi vya HPV vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi hufanya ujanja wa aina hiyo hiyo. Vina protini yao, E6, ambayo hukishika kimeng'enya cha seli yenyewe na kukielekeza kwa p53. Seli inaivunja kinga yake kwa mikono yake, na kwa ufanisi mkubwa. Hapa unaona "usafi" ukizaa saratani. Saratani hii ndiyo inayoua wanawake wengi zaidi kuliko saratani nyingine yoyote nchini Kenya, na chanjo yake imekuwa ikitolewa kwa wasichana wa miaka 10 tangu 2019. Kama una mdogo wako wa kike wa umri huo nyumbani, hilo ni la kushughulikia kabla hujamaliza kusoma jibu hili.

Upande wa pili upo pia. Katika seli za figo iko protini iitwayo VHL inayosaidia kuibandika alama HIF, protini inayoita mishipa mipya ya damu pale oksijeni inapopungua. Oksijeni ikiwapo ya kutosha, HIF huvunjwa. VHL ikiharibika, HIF haivunjwi, mishipa huitwa bila sababu, na uvimbe hupata damu ya kunawiri. Saratani nyingi za figo ziko hivi. Basi saratani moja hustawi kwa kuvunja kupita kiasi, nyingine kwa kutovunja. Mtu akikwambia dawa ya saratani ni "kusafisha seli", muulize: isafishwe protini ipi?

Sasa mailoma. Ugonjwa huu ni wa seli za plazima, ambazo hukaa kwenye uboho na kazi yake ni moja, kutengeneza kingamwili, protini za kupigana na maradhi. Seli moja hutoa maelfu ya kingamwili kwa sekunde. Kila kingamwili ni minyororo minne, miwili mizito na miwili myepesi, iliyoungwa kwa viungo vya salfa. Kwa kasi hiyo hazikosi kuwapo nyingi zilizokunjika ovyo, na hizo hutolewa pale zinapokunjwa, hubandikwa alama na kupelekwa kwenye proteasomu. Katika mailoma, kizazi cha seli moja ya plazima huzaana bila kikomo na zote hutoa kingamwili ile ile isiyo na faida. Minyororo myepesi inayozidi hupita kwenye figo na kuziba mirija yake. Uboho ukibanwa, damu hupungua. Na seli hizi huchochea zile zinazokula mfupa, ndiyo maana mgongo wa mzee. Msijilaumu kwa kudhani ni mbao. Mafundi wengi huumwa migongo na si mailoma.

Seli ya namna hii iko karibu mno na kuzidiwa. Inahitaji proteasomu kuliko karibu seli yoyote mwilini, kwa kuwa inazalisha vibovu vingi kuliko nyingine. Bortezomibu ina atomu ya boroni ambayo hushika moja ya sehemu tatu zinazokata ndani ya pipa. Protini zenye alama zinarundikana, seli inapiga mbiu ya hatari, inapunguza uzalishaji, na ikiona mambo hayaelekei inajiua. Yaani dawa inatumia ule uchafu wenyewe kuiua seli ya saratani. Seli nyingine za babako nazo huguswa, lakini hazina mzigo kama ule, na dawa haizimi proteasomu zote. Huzuia sehemu ya kazi, kisha kazi inarudi siku chache baadaye. Kwa sababu hiyo sindano mbili hazikaribiani kwa chini ya saa 72. Nalitaja hili kwa sababu najua safari yenu: boti hadi Mokowe, kisha basi Witu, Garsen, Malindi, mpaka Mombasa. Ndugu hushauri, "Si wampige zote tukiwa tuko huku?" Haiwezekani. Muulize daktari kama anaweza kuwekwa kwenye ratiba ya sindano moja kwa wiki, kwani ratiba hiyo ipo na wengi huivumilia vizuri zaidi.

Dawa yenyewe ilianza kwa nia nyingine kabisa. Alfred Goldberg wa Harvard na wenzake walianzisha kampuni mwaka 1993 wakitafuta cha kuzuia misuli isinyauke kwa wagonjwa waliokonda. Vizuizi vya proteasomu walivyovipata vilionekana kuua seli za saratani maabara, na katika majaribio ya mwanzo kwa binadamu wagonjwa wa mailoma ndio walioonyesha nafuu ya ajabu. Marekani iliiidhinisha Mei 2003 kwa jina la Velcade, ikawa ya kwanza ya aina yake. Nadhani ni bahati njema kwamba hawakuishikilia ile nia ya awali.

Na ile lenalidomaidi atakayoongezewa? Ni ndugu ya thalidomaidi, dawa iliyoanza kuuzwa Ujerumani 1957 kwa usingizi na kichefuchefu, ikaondolewa 1961 baada ya watoto wengi, wanaokadiriwa kupita 10,000 duniani, kuzaliwa na viungo pungufu. Namna inavyofanya kazi ilikuja kujulikana mwaka 2010 pekee, huko Japani: hushika protini iitwayo sereblomu, iliyo sehemu ya moja ya vile vimeng'enya vya tatu vinavyochagua. Mwaka 2014 ikaonekana kwamba lenalidomaidi huifanya sereblomu ichague protini mbili, Ikaros na Aiolos, ambazo seli za mailoma haziishi bila hizo. Zinabandikwa alama, zinavunjwa. Kwa hiyo babako atapewa dawa inayozuia kuvunja na dawa inayolazimisha kuvunja, katika mzunguko mmoja, kwa ugonjwa mmoja, na zikiwa pamoja hufanya vizuri kuliko moja peke yake. Jambo la nyumbani: kapsuli za lenalidomaidi zisifunguliwe wala kupasuliwa, na mwanamke mwenye mimba au anayeweza kuwa nayo asizishike.

Turudi kwenye kufunga. Wanaotuma video humtaja Yoshinori Ohsumi, Mjapani aliyepata Nobeli ya Tiba mwaka 2016, na hapo hawadanganyi. Aliitia hamira njaa, ile ile jamii ya hamira ya kuumulia mahamri, akaona kwa hadubini seli zikikusanya vipande vyake zenyewe na kuvivunja. Njia hii, otofajia, hupitia upande wa lisosomu. Ni kweli njaa huichochea. Kinachofichwa ni hiki: otofajia husaidia kuzuia saratani isianze, lakini uvimbe ukishakuwapo mara nyingi huitumia kujilisha unapokosa damu ya kutosha au unapopigwa na dawa. Ndiyo maana watafiti wamewapa wagonjwa wa saratani haidroksiklorokwini, dawa ya jamii ya zile za malaria, ili kuizuia otofajia. Hakuna utafiti wa binadamu ulioonyesha kwamba kufunga kunaponya mailoma.

Kwa babako tatizo la kufunga ni la kawaida zaidi kuliko yote hayo. Figo zake ziko hatarini na zinahitaji maji kutwa nzima, na jua la Amu unalijua. Deksamethasoni hupandisha sukari na huchoma tumbo lililo tupu. Bortezomibu inaweza kuleta kuharisha na kushusha presha, akaanguka, na mifupa yake sasa si ya kuanguka. Kuhusu Ramadhani mimi si shekhe, lakini ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, na sijapata kumsikia imamu akiipinga. Amwendee imamu wake akiwa na maneno ya daktari mkononi.

Chai ya kijani aiache kabisa wakati wa matibabu. Kemikali zake hujishikiza kwenye ile boroni na kuidhoofisha dawa. Jambo hili lilionyeshwa maabara mwaka 2009. Vidonge vya vitamini C vya nguvu nyingi navyo aviache. Ndimu na maembe hayana neno, wala kahawa chungu ya barazani. Unga wa mlonge na dawa nyingine za majani, hata zile anazoletewa na watu wanaompenda, zionyeshwe kwa daktari kwanza.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi mapema: diklofenaki na ibuprofeni, zile za kununua tu duka la dawa kwa ajili ya mgongo, huumiza figo, na kwa mwenye mailoma huziumiza upesi. Kama babako amezizoea, na fundi gani hajazizoea, mwambie daktari ampe ya maumivu iliyo salama kwake.

Ganzi au kuchomachoma kwenye nyayo na ncha za vidole ni madhara ya bortezomibu kwenye mishipa ya fahamu. Ikipigwa chini ya ngozi hupunguza tatizo hili kuliko ikipigwa kwenye mshipa. Mafundi ni watu wa kuvumilia, ataficha. Mtazame anavyoshika tezo, au anavyofunga vifungo vya shati. Akianza kukosea, semeni siku ya kliniki ijayo, kwani dozi hupunguzwa au kusogezwa, na ganzi iliyowahiwa mara nyingi hupungua. Iliyoachwa inaweza kubaki. Dawa hii huamsha pia mkanda wa jeshi, hivyo ulizeni kama ameandikiwa asikloviri ya kinga. Mbao nzito asinyanyue kwa sasa. Akae awaelekeze vijana.

Homa yoyote wakati huu ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, si ya panadoli na kungoja. Na akikwambia miguu yote miwili imelegea ghafla, au mkojo umekataa kutoka, inaweza kuwa mfupa wa mgongo umebana uti, yaani mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani yake. Hapo msingoje boti ya asubuhi wala tarehe ya kliniki. Mpelekeni hospitali ya King Fahd hapo Amu usiku huo huo, mkitaja neno mailoma mlangoni, ili waanze kupanga uhamisho wa kwenda Mombasa.